Kilichobaki Kwenye Kijiko

Nilipokuwa kidato cha tatu nilikuwa na ujinga mmoja mkubwa: niliamini kwamba mtu mzima ukimwonyesha ukweli, ataukubali.

Tulikaa Rongai, na ng'ombe wetu wa pekee alikuwa amepunguza maziwa hadi hayatoshi chai ya asubuhi. Chakula cha gunia alikuwa anapewa kila siku, kutoka duka la mzee mmoja wa kanisa letu. Baba hakununua kwingine. Kwetu, kulipita duka la mzee wa kanisa ukanunue kwa mtu baki ni sawa na kumtukana mbele ya washirika.

Wiki hiyo mwalimu wa kemia alikuwa ametufundisha kutofautisha molekuli za kikaboni na zile zisizo za kikaboni. Za kikaboni, alisema, kwa kawaida zina kaboni iliyoshikana na haidrojeni: sukari, mafuta, unga, nyasi. Chumvi na mchanga si za huko. Akatuonya tusitazame kaboni peke yake, maana hata mawe ya chokaa yana kaboni na bado hayahesabiwi kundi hilo. Kisha akachoma sukari kwenye kijiko ikawa nyeusi tii, akachoma chumvi ikabaki nyeupe vilevile. Nililipenda somo lile kwa sababu moto haukujali ni nani anayeuliza.

Jumamosi niliwasha jiko la makaa. Kijiko cha kwanza nilitia pumba za mahindi yetu wenyewe. Zilifuka moshi, zikawa nyeusi, nikaendelea kuchochea hadi pakabaki jivu la kupuliza tu. Kijiko cha pili nilitia chakula cha gunia. Kilitoa moshi kidogo, halafu kikakataa kuungua. Karibu nusu yake ilibaki, punjepunje, ikikwaruza chuma nilipoikoroga.

Nilimpelekea baba vijiko vyote viwili kwenye sinia.

"Baba, hii chakula nusu yake ni mchanga. Chakula ya kweli inaungua inaisha."

"Nani amekuambia?"

"Nimeichoma. Angalia."

Hakuangalia. "Kwa hivyo umekaa jikoni ukichoma jina ya mzee wa kanisa? Sikio halipiti kichwa."

Kesho yake baada ya ibada alinipeleka kwa yule mzee, uani mwa kanisa, nikaomba msamaha. Mzee alinishika bega. "Hakuna shida, msichana wangu. Hizi masomo wakati mwingine zinachanganya mtu." Baba akacheka naye. Kofi ningelisahau, lakini kicheko kile kiliniuma.

Baada ya majuma machache ng'ombe aliacha kula. Akalala, hakuinuka tena. Daktari wa mifugo alipompasua, mchanga uliolowa ulitoka tumboni kwa viganja. Baba alikuwa amesimama palepale na gambuti zake za mpira miguuni. Nilimngoja. Nilitaka neno moja tu, hata "ulisema" ingenitosha. Alinawa mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu, akaniambia, "Hii maneno isifike kanisani."

Haikufika. Kanisa ndilo lililokuja kwetu, washirika kutupa pole, na mzee akiwa mbele yao na gunia jipya la chakula, zawadi ya kuanzia ng'ombe mwingine. Baba alilipokea kwa mikono miwili. Mama aliwapa chai ya rangi, wakainywa wakiisifu. Halafu mzee akatuambia tusimame tuombe. Akafumba macho, akamsihi Mungu amfichue adui aliyeingia boma letu.

Mimi sikufumba. Nilimtazama baba, naye alikuwa amefumbua macho, ananitazama mimi. Ilikuwa mara ya kwanza kuona kwamba aliniamini, na kwamba alikuwa ameniamini tangu siku ya vijiko. Kuniamini hakukumgharimu chochote, mradi ninyamaze.

Maombi yalipokwisha baba aliitikia amina. Nami nikaitikia, kwa sauti kubwa kuliko wote, na hadi leo sijamsamehe yeye wala sauti ile.