Michirizi kwenye Kibasi cha Bati

Nilipoolewa Mbeya nilijua vyungu, si magari. Mama yangu alikuwa mfinyanzi wa Kikisi, kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na kwetu chungu hakiingii motoni kabla hakijasuguliwa kwa kokoto laini mpaka king'ae. Mume wangu alikuwa fundi wa kupuliza rangi katika gereji ya mabasi. Miaka ile ya hamsini, pale Ilomba, ukiwa mke wa mtu anayepaka mabasi rangi, wanawake wenzako wanakupisha kisimani. Nami nilipenda kupishwa, sikatai.

Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Gereji hawakugundua mapema, kwa kuwa ubavu wa basi ni mpana, mkono ukiyumba kidogo rangi inajitandaza yenyewe. Lakini maneno hayana mlango, yakamfikia tajiri wake, mfanyabiashara Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani. Hakumuuliza kitu. Alimletea kibasi cha bati, urefu wake kama toka kiwiko changu hadi ncha za vidole, kilichofuata umbo la mabasi yake halisi, hata ngazi ya nyuma ya kupandishia mizigo ilikuwapo. Kingewekwa dirishani mwa ofisi mpya ya tiketi huko Iringa.

"Kipake wewe mwenyewe, asikusaidie mtu," alimwambia. "Nataka kuuona mkono wako. Jumamosi asubuhi naondoka nacho."

Tulielewa wote wawili. Kibasi kikiharibika, kazi imekwisha, nasi tunarudi kulima mashamba ya watu.

Alhamisi alikipuliza rangi kule gereji, na mvua ilinyesha kutwa. Jioni mume wangu alikileta nyumbani ndani ya gunia, pamoja na bomba la kupulizia, ndugu yake bomba la dawa ya mbu, na kopo la rangi ya kijani iliyobaki. Nilikifungua nikakisogeza kwenye taa. Chini ya madirisha rangi ilikuwa imeteremka michirizi, kama uji uliofurika sufuriani. Boneti lilikuwa na ukungu mweupe, kwa sababu rangi ile ikipulizwa kwenye baridi yenye unyevu hupauka. Kwenye ubavu mmoja vumbi lilikuwa limeganda likafanya vipele.

"Kesho jioni nitatengeneza," alisema.

"Kwa mkono gani?"

Alikirudisha kibasi ndani ya gunia. Mficha maradhi kifo humuumbua, nayo methali hiyo niliijua vizuri, lakini methali haimlishi mtoto.

Ijumaa alipokwenda kazini nilikitoa tena. Nilichukua msasa wake laini, nikauloweka kwenye maji ya sabuni, nikafumba macho kama mama alivyonifundisha, maana kidole huona kasoro kabla ya jicho. Nilisugua michirizi polepole, naosha, napapasa, nasugua tena. Vipele vikaisha. Michirizi ikalala. Nikaanza kujisifu kimoyomoyo, na hapo hapo, kwenye kona ya boneti, bati jeupe likachungulia. Nilikuwa nimekula rangi yote.

Nilikaa chini sakafuni. Kwenye chungu ungepaka udongo kidogo ukaendelea. Hapa hapakuwa na njia ila kupuliza rangi upya, na mimi bomba lile sikuwahi kulishika. Nje, wingu lilikuwa limeshafunika mlima.

Niliwasha jiko nikalifungia chumbani mpaka kukawa na joto, kisha nikalitoa nje na makaa yake yote, maana mume wangu alikuwa ameniambia kwamba tina, ile dawa ya kuzimulia rangi, mvuke wake unashika moto kuliko petroli. Kopo nililiweka ndani ya bakuli la maji ya moto. Madirisha na paa nikayafunika kwa karatasi niliyoibandika kwa uji wa ngano. Mpulizo wa kwanza niliurusha hewani ili nijue nguvu yake. Wa pili ukapita juu ya boneti, mwembamba sana. Nikasubiri. Ukungu mweupe ukaanza kujitokeza pembeni. Nikarudisha jiko, nikapasha chumba tena, nikalitoa tena, nikapuliza upya. Rangi ikapungua hata bomba likaanza kukoroma. Mpulizo wa mwisho ulitoka ukiwa nusu upepo. Nikaliacha bomba, nikasimama ukutani bila kuthubutu kukohoa.

Haukurudi ukungu. Boneti likakauka likang'aa mpaka nikaona kivuli cha mlango ndani yake.

Mume wangu aliporudi alikitazama kwa muda mrefu.

"Nani ameshika hii gari?"

"Mimi."

Alipitisha kidole ubavuni, akakipitisha tena. "Watajua," alisema.

"Watajuaje? Rangi imeandikwa jina langu?"

Usiku ule hakula.

Jumamosi tulikwenda gereji pamoja, mimi nimekipakata kibasi ndani ya kanga kama mtoto mchanga. Nilimwamkia tajiri, akaitikia marahaba, akakichukua, akakigeuza kwenye mwanga. Alikikagua kama mtu anayenunua ng'ombe. Mwishowe akacheka.

"Kumbe wamenidanganya, fundi. Kazi imetulia hii." Akamwita mtu alete brashi nyembamba na rangi nyeupe. "Sasa niandikie hapa ubavuni, Mbeya–Iringa. Herufi ndogo, safi. Nakusubiri."

Kusugua nilijua, kupuliza nilikuwa nimejifunza jana, lakini shule sikuwahi kuingia hata siku moja. Herufi zile zingeweza kuwa nyayo za kuku kwangu. Mume wangu alichovya brashi. Ikaanza kucheza hewani, na tone jeupe likaanguka juu ya kiatu chake. Mafundi wakaacha kugonga.

Akairudisha brashi ndani ya kopo kabla haijagusa rangi yangu.

"Tajiri, mkono huu umekwisha," alisema. "Hii gari amepaka mke wangu."

Tajiri akanigeukia, akatazama kucha zangu zilizojaa kijani. "Wewe mama, unajua kuandika?"

"Sijui."

"Basi," alisema, kwa upole kabisa, na akakifunga kibasi katika gazeti. Kama angesema njoo wiki ijayo, ningekuja na herufi zote kichwani. Hakusema.

Njiani kuelekea Ilomba nilikuwa nikiwaka hasira. Nilitaka kumuuliza mume wangu kwa nini hakujaribu hata herufi moja. Nikamtazama, na kumbe alikuwa anatembea wepesi, kichwa juu, kama alivyotembea siku za uchumba wetu.

"Tangu mwaka jana nilikuwa naamka na hofu," aliniambia. "Leo sina hofu tena."

Nilimwitikia, "Alhamdulillahi." Sikuweza kumwambia kwamba hofu ile haikwenda mbali. Nilikuwa nimeibeba mimi, na nyumbani watoto walikuwa wanasubiri chakula cha mchana.