Jumamosi Tuliyoshinda Lamadi

Nikiwa Kasoli kikazi msimu wa pamba, upepo ukianza kupiga turubai la lori, pa! pa! pa!, mimi husimama kidogo. Wenzangu hudhani nachungulia mvua. Masikio yangu wakati huo yako Lamadi, ziwani, miaka yangu kumi na mmoja, na tanga letu la viroba vya sandarusi linagombana na upepo wa mchana.

Tulikuwa na klabu ya mitumbwi ya tanga. Nasema klabu kwa sababu ndivyo tulivyoiita; ilikuwa mitumbwi sita ya kuazima kwa baba zetu, watoto wa pale ufukweni, na Mwalimu Lugata aliyestaafu, aliyekuja na kiti chake na filimbi. Kila Jumamosi ya likizo tulishindana kwenda hadi kwenye boya, ambalo lilikuwa dumu la njano lililofungwa jiwe, na kurudi. Zawadi haikuwepo. Ila waliomaliza nyuma walivuta mtumbwi wa mshindi hadi mchangani, huku mshindi amekaa ndani kama bibi harusi.

Sisi tulikuwa tumevuta Jumamosi tatu mfululizo. Dada yangu Kabula, aliyeshika usukani, alisema sababu anaijua. Sababu ilikuwa Minza.

Minza alikuwa mtoto wa mjomba wetu wa Ngulyati. Mama yake alipofariki, na mjomba alipooa tena, aliletwa kwetu na begi moja na kuku wawili. Alinizidi mwaka mmoja tu lakini mwili wake ulikuwa wa mtu mzima. Kabula alimwita Gunia, nami nikaongezea "la pamba", na watu walicheka mpaka nikajiona hodari wa maneno. Minza naye alicheka. Mtumbwini kazi yake ilikuwa kutoa maji kwa kopo, mimi nikishika kamba ya tanga. Mwalimu aliuliza siku ya kwanza kama anajua kuogelea. Kabula akajibu haraka kuliko yeye: "Anajua, Mwalimu!"

Jumamosi ile tuliondoka vizuri. Tulizunguka boya tukiwa wa pili, nyuma ya mtumbwi wa watoto wa mwenye mashine ya kusaga. Upepo ulitoka ziwani kwenda nchi kavu, kwa hiyo kurudi ilikuwa kusukumwa tu. Tulikuwa tunawakaribia, niliona hata raba iliyokatika kwenye sandali ya mmoja wao. Mara upepo ukalegea, na tanga likaning'inia kama nguo iliyoanikwa.

"Minza," Kabula akasema, "shuka."

"Nishuke wapi, dada?"

"Majini. Ufukwe si ule pale?"

Minza alitazama maji, kisha akanitazama mimi. Usiku tulilala mkeka mmoja. Mimi ndiye niliyemwonyesha njia ya kisimani na mbwa wa kuwaogopa. Nikamwambia, "Hapo ni kiunoni tu. Mimi huwa nasimama."

Sikuwahi kusimama pale. Hakuna aliyesimama pale.

Alinikabidhi kopo, akakunja gauni lake ndani ya chupi ili lisimzuie, akateleza taratibu ubavuni. Maji yakamfunika nywele. Alipoibuka, mdomo wazi, alishika ukingo wa mtumbwi kwa mkono mmoja, nasi tukainama upande ule, na maji yakaanza kuingia.

"Mtoe!" Kabula akapiga kelele. "Mbandue vidole, upepo unarudi!"

Kopo lilikuwa mkononi mwangu. Nilimpiga vidole. Mara ya kwanza hakuachia, akaniita jina langu. Mara ya pili aliachia.

Upepo ulirudi kweli. Mtumbwi ulikuwa mwepesi ajabu, uliruka. Nisidanganye hapa: nilifurahi. Nilivuta kamba nikicheka kwa sauti, na tuliwapita wale wa mashine karibu na mawe ya kufulia. Filimbi ikalia. Mama mmoja akapiga vigelegele.

Waliokuwa wa tatu waliangusha tanga wakamchukua. Alifika ufukweni akitapika maji na dagaa wa asubuhi. Mwalimu Lugata alitupa filimbi mchangani.

"Imekuwaje, binti?"

Kabula alinishika mkono, akaubana. Minza alijifuta mdomo kwa bega.

"Niliteleza, Mwalimu."

"Uliteleza?"

"Ndiyo. Wabeja, asante kwa kuniuliza."

Kisha waliofungwa wakaja kutuvuta. Nilikuwa nimekaa ndani na dada yangu, na nilipogeuka nilimwona Minza amejipanga nao, gauni linachuruzika, anavuta kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa umevimba. Jioni mama alipouliza, alijibu amejibana kwenye mlango. Mama akamwambia awe mwangalifu, na vyombo Minza akaosha hivyohivyo.

Kwa miaka mingi nilijisimulia kwamba Minza alitufichia kwa upendo. Nilimshukuru moyoni. Niliwahi hata kuwasifia watu moyo wake wa kusamehe, bila kusema alisamehe nini.

Mwaka juzi nilipita Maswa, nikamkuta Minza dukani kwake, mtaa wa Binza. Amenenepa vizuri, ana watoto watatu, anasalimia wateja kwa majina. Tulinywa soda. Nikajikaza nikamuuliza kwa nini siku ile alisema aliteleza.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo hata mtoto mdogo analijua.

"Sasa ningesema ukweli, usiku ningelala wapi?"

Akaingia mteja akitaka sukari robo. Minza akainuka kumpimia.

Nilikuwa na mama, mkeka, na nyumba ambayo hakuna mtu angenifukuza hata ningefanya nini. Sikujua kwamba hiyo ni mali. Yeye alijua, akiwa na miaka kumi na miwili, akiwa bado ana maji masikioni, na alilijibu swali la Mwalimu kwa muda uleule ambao mimi nilikuwa natafuta uso wa kuonyesha.

Nilimwomba radhi alipomaliza kupima. Alisema, "Haya." Sikuwa na haki ya kumdai zaidi.