Seng'enge Nyuma ya Nyumba

Nilipohamia Eldoret kufundisha bayolojia, enzi za chama kimoja, sikuwa na mtu. Mwenzangu alikuwa redio, iliyosifu chama asubuhi na jioni, pamoja na mimea ya kipande cha ardhi nyuma ya nyumba ya shule. Kila Jumamosi nilitandaza kamba, nikapiga magoti, nikahesabu. Aina thelathini na moja! Mingine maua yake hayakuzidi kichwa cha njiti ya kiberiti. Nilifurahi kama mtoto.

Kila siku saa kumi Mama jirani alipitisha ng'ombe wake watatu hapo. Walikula, yeye akanisalimia, akaniuliza nimeshindaje, kisha akaniachia mlangoni chupa ya maziwa iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Ndiyo shukrani yake ya malisho. Mimi, msomi mzima, nilichoona ni kwato tu. Nikanunua seng'enge.

"Mwalimu, hii waya ni ya nini?"

"Ng'ombe watamaliza maua yangu, Mama."

"Ng'ombe inakula majani. Maua inaachia wewe." Alicheka, kisha akaona sicheki. "Haya. Shamba ni yako."

Akawageuza ng'ombe wake. Chupa haikuja tena, na ukaidi wangu haukuniruhusu kumfuata.

Mvua iliponyesha, nyasi moja, ile waliyokuwa wakiila kila siku, ilipanda hadi kiunoni. Chini yake kukawa giza. Nikahesabu aina kumi na tisa. Mwaka uliofuata, saba. Ndipo nikaelewa: ng'ombe walikuwa wakimpunguza yule mkubwa ili wadogo nao waone jua. Na somo hilo nilikuwa nimeliandika ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe, mjinga mimi.

Nilikata seng'enge nikaenda kwake na aibu yangu. Alinipa chai.

"Rudisha ng'ombe, Mama, tafadhali."

"Mwalimu, ng'ombe imezoea njia ya mtoni. Na mimi pia nimezoea."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniuma.

Basi kila siku saa kumi nilishika slasha nikafyeka nyasi mwenyewe, nikifanya kazi ya ng'ombe watatu. Polepole vile vimea vidogo vilirudi. Nilipohesabu mara ya mwisho vilikuwa aina ishirini na sita. Nilikaa katikati yavyo hadi baridi iliponifukuza. Maua nilikuwa nayo ya kutosha, na hakukuwa na mtu wa kuniuliza nimeshindaje.