Tumbo la Mondo

Leo asubuhi nimechimba kiazi kilicholiwa nusu na fuko. Nilipokinusa, ile harufu ya udongo mbichi na kuoza ilinirudisha kwa baba, amechuchumaa nyuma ya nyumba na kisu mkononi.

Kuku wa mama walikuwa wanapotea. Mara mbili mama alikuwa amemwona mondo kando ya shamba la ngano, paka wa madoadoa mwenye miguu mirefu na masikio makubwa, amesimama kama anayesikiliza ardhi. "Mwizi ni huyo," mama alisema. Baba akatega waya kwenye tundu la ua.

Siku ya tatu alinaswa. Mimi nilishika miguu ya nyuma, baba akachuna ngozi. Manyoya yalikuwa bado na umande. Mama alisimama karibu yetu, mikono kiunoni.

"Pasua tumbo nione kuku wangu."

Baba akapasua. Wakatoka panya wawili, kisha fuko karibu mzima, meno ya njano nje, ananuka udongo na viazi vyetu.

"Pasua vizuri."

"Nimepasua lote. Hakuna hata unyoya."

Mama aliingia jikoni. Kesho yake kuku mwingine alipotea, na hakuna aliyeuliza. Ngozi ilikauka ukutani. Msimu huo viazi vyetu vilitoka ardhini vikiwa nusu, kama hiki.

Tangu siku hiyo sijaona mondo mwingine hapa Mau Narok. Fuko ninao.