Kikombe cha Pili Melini

Wivu wangu ulianza na maji. Wengine huanza na mwanamume, na huko nilifika baadaye, lakini kwanza yalikuwa maji.

Jumapili ile nilikuwa nimetoka kanisani, nimevua shati, nimekaa kwenye kiti cha plastiki kivulini mwa nyumba yetu hapa Lodwar, mke wangu akapiga simu ya video kutoka kwenye meli ya watalii anakofanya kazi. Meli yao ilikuwa imeingia bandarini kufanyiwa matengenezo, haina abiria hata mmoja kwa wiki nzima, na wafanyakazi walikuwa wameruhusiwa kutembea sehemu ambazo siku nyingine huzipita wakiwa na mashuka mikononi. Akaniambia nikae vizuri anitembeze. Kitu cha kwanza alichonionyesha ni bwawa la kuogelea la sitaha ya juu, limejaa maji hadi ukingoni na ndani hakuna mtu. Kwetu maji ya mfereji hutoka Jumanne na Ijumaa, na Ijumaa ile hayakuwa yametoka. Nikamuuliza wamemjazia nani maji yote hayo. Akacheka, akasema wanajaribu pampu.

Mimi ni karani wa masjala ya ardhi. Nimehudumu huku miaka kumi na mmoja, tangu niletwe kutoka upande wa Kitale na barua ya uhamisho niliyodhani ni ya adhabu. Mke wangu alikuwa akitandika vitanda katika nyumba ya wageni kule Kakuma, na kila Jumamosi ya pili nilimfuata katika chumba chake kidogo chenye kitanda, jiko la makaa na vikombe viwili. Halafu alikuja wakala mmoja akitafuta watu wanaojua kazi ya vyumba. Huwa nawaambia watu kwamba nilimruhusu aende. Ukweli ni kwamba alikuwa ameshapata pasipoti kabla hajaniuliza.

Meli yenyewe haipokei mtoto. Aliye chini ya miaka kumi na minane hakanyagi hata ngazi yake. Wazee wa kanisa waliposikia hivyo walinitazama kwa huruma fulani, mmoja akataka kujua ni starehe gani hizo ambazo mtoto hafai kuziona. Nikamjibu kwamba ni usingizi tu, watu wanataka kulala bila makelele. Nilimjibu kwa ukali kwa sababu swali hilo nilikuwa nimeshajiuliza mwenyewe. Tena nyumba yetu nayo ina mwaka wa saba haijasikia kilio cha mtoto, na bado hakuna anayelipa kuja kupumzika humo.

Basi akanitembeza. Kandokando ya bwawa palikuwa na vitanda vya kuotea jua, vimepangwa safu safu, kila kimoja na godoro nene kuliko letu. Juu ya hapo kulikuwa na njia nyekundu ya kukimbilia, inazunguka meli nzima, na mwishoni kabisa vitanda vya wavu vinavyoning'inia juu ya bahari. Alikaa kwenye kimoja, akajisukuma kwa mguu, simu ikawa inanionyesha mbingu, kisha kiatu chake, kisha mbingu tena. Nilimwambia ainuke asije akaonwa. Sikuwa nahofia kuonwa kwake. Sikupenda kumwona ametulia namna ile.

Akashuka kwa lifti yenye kuta za kioo. Kulikuwa na ukumbi wa maonyesho ambao viti vyake hukunjwa vikaingia ukutani ukageuka uwanja wa dansi. Kulikuwa na chumba cha kuchora chale, eti mtu anaanza safari akiwa mzima na kurudi nyumbani na joka mgongoni. Migahawa niliihesabu sita nikaacha. Kisha akafungua mlango mmoja mzito na pumzi yake ikaonekana kwenye kioo cha simu. Kilikuwa chumba cha theluji. Watu wakishatokwa jasho katika chumba cha moto wanaingia humo wakajipaka barafu. Hapa nilipo jasho lilikuwa likinichuruzika hadi kwenye mkanda wa suruali, wala sikuwa nimelipia. Mke wangu alichota theluji kiganjani akaileta karibu ili niione vizuri. Kwa kijicho sikumwambia hata asante.

Jikoni ndipo palipoharibika. Ni jiko refu la chuma tupu, linang'aa, na katikati yake alisimama mwanamume mwenye kofia nyeupe akinoa kisu. Nilimjua kabla hajageuka. Alikuwa mpishi wa ile nyumba ya wageni ya Kakuma, na wakala yule yule ndiye aliyewachukua wote wawili. Nilikuwa nimeambiwa yuko meli nyingine. Au sikuambiwa, nilijiambia mwenyewe nipate kulala.

"Ejok," akanipungia mkono, kwa ile salamu ya huku kwetu, "huko Lodwar jua limebaki ama mmeliuza?"

Mke wangu alicheka. Kicheko hicho nilikifahamu, ni cha chumbani Kakuma, cha Jumamosi jioni tukila samaki wa Kerio kwa mikono. Nikajifanya nimefurahi. Nilimwambia yule mpishi kwamba jua lipo, atalikuta.

Tukaingia vyumba vya abiria. Kitanda kipana, roshani yenye viti viwili, bafu la marumaru, na juu ya meza glasi mbili zimesimama zikiangalia juu. Nilizitazama sana zile glasi. Huku kwetu kikombe hakiachwi kimeangalia juu. Upepo wa mchana hupita na vumbi lake, na ukisahau kukifudikiza unakunywa chai yenye mchanga, kwa hiyo hotelini, ofisini, kanisani, kila kikombe kimekaa mdomo chini. Mgeni tunamtambua kwa hilo: akishakunywa anakiweka kikombe wima. Mke wangu akanieleza kwamba mwezi wa kwanza alikuwa akizifudikiza glasi za abiria kila asubuhi bila kujua, na msimamizi wake alikuwa akizisimamisha nyuma yake. Baharini hakuna vumbi, alimwambia. Tulicheka pamoja, na kwa dakika moja nikawa mtu mzima mwenye akili.

Mwisho akanipeleka chumbani kwake. Ni chini sana, chini ya usawa wa maji, kwenye ukumbi mwembamba wenye mabomba darini. Chumba hakina dirisha. Vitanda viwili vimepandana. Cha juu ni cha mwenzake, Mfilipino, ambaye hakuwepo. Akanionyesha rafu ya mwenzake: sanamu ya Bikira Maria, picha za watoto, chupa ya chuma yenye kifuniko. Mwenzake, akasema, maji, chai, supu, vyote anavinywea humo humo. Kisha akanionyesha rafu yake yeye. Biblia, mafuta ya kujipaka, na vikombe viwili vya bati vyenye maua mekundu, vimefudikizwa mdomo chini, vimekaa bega kwa bega.

Viwili. Mtandao ukakatika hapo hapo.

Nilibaki na simu mkononi na hesabu yangu ikawa fupi. Mfilipino ana chupa yake. Kikombe cha kwanza ni cha mke wangu. Cha pili ni cha mtu anayeingia mle chumbani kunywa chai, na mtu huyo akimaliza anakifudikiza, kwa hiyo ametoka kwetu. Katika meli nzima nilikuwa nimeonyeshwa mtu mmoja tu aliyetoka kwetu. Sikumeza mate wala sikuhesabu hadi kumi. Niliandika: "Kikombe cha pili ni cha nani?" Nikatuma.

Aliusoma ujumbe ule jioni hiyo hiyo. Alama mbili za buluu nilizitazama mpaka zikaniumiza macho. Jumatatu hakujibu. Jumanne maji yalitoka, nikajaza madumu yote, hakujibu. Ofisini nilipotea katika mafaili, nikampa mtu wa Katilu hati ya shamba la mtu mwingine, bahati nzuri akairudisha mwenyewe. Nilikuwa nikimwona yule mpishi ameegemea kile kitanda, anapuliza chai, anasimulia habari za Lodwar kwa dharau.

Jumatano niliomba ruhusa kwa bosi wangu, nikasema kuna karatasi Kakuma zinahitaji saini. Nilikwenda kwa mama mmoja Mkongo mwenye kibanda cha chai katika soko la kambi ya wakimbizi. Ndiye aliyekuwa rafiki mkubwa wa mke wangu huko; walisuka nywele pamoja na kusali pamoja, na nilijua hakuna siri ya mke wangu isiyopita kwenye sufuria zake. Nilipoingia alinisalimia kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, akaniwekea chai na maandazi, akaenda kumhudumia Msomali aliyekuwa akisubiri. Aliporudi sikuzunguka. Nilimuuliza kama mke wangu na yule mpishi walikuwa na mazoea kabla hawajaondoka.

Alinitazama kama mtu aliyetajiwa bei ya kijinga. Akauliza nimeona nini. Nikamweleza habari za rafu na vikombe, na nilivyokuwa nikieleza sauti yangu ikawa inapungua, maana mbele yangu, kwenye meza yake ya mbao, vilikuwa vimepangwa vikombe vya bati vyenye maua mekundu. Vya kuuza.

"Hizi kopo alizinunuaka hapa kwangu," akasema. "Mbili. Mimi nikamuuliza, weye unaenda peke yako, mbili za nini? Akasema moja ni ya bwana yangu. Kule Lodwar yeye hajuaka, lakini mimi kopo yake huwa naigeuza, inamungojea. Nikiisha kuiona pale, najua niko na mutu."

Nilikumbuka chumba cha Kakuma na ile Jumamosi ya pili. Kila nilipofika, kikombe kimoja kilikuwa mezani, kimelowa maji ya kuoshwa, na kingine kiko rafuni kimefudikizwa, na juu ya kitako chake vumbi la wiki mbili. Alikuwa akikiteremsha, akikipangusa, akinitilia chai. Vumbi lile nililiona miaka yote hiyo nikadhani ni uzembe kidogo. Niliwahi hata kumtania kwamba mtandika vitanda hajui kupangusa rafu.

"Umemuuliza?" mama yule akataka kujua.

Nikamwambia nimeuliza, na jinsi nilivyouliza. Akatikisa kichwa, akachukua kikombe changu ambacho sikuwa nimekimaliza, akamwaga chai iliyobaki. Alisema chai imepoa. Hakuniletea nyingine.

Nilikaa nje ya kibanda chake kwenye kipande cha kivuli nikaanza kuandika msamaha. Mimi hupokea barua za watu wanaojieleza serikalini kila siku, najua maneno yote, na hakuna hata moja lililofaa. Nikaandika nikafuta. Nikaandika kwamba nilikuwa na joto, nikafuta. Nyumbani, kikombe chake yeye, cha buluu, nilikuwa nimekitia kalamu na wembe wa kunyolea tangu wiki aliyoondoka. Nilitaka kumwandikia hilo pia, kwa sababu ndilo lililokuwa likiniuma zaidi, lakini sikujua pa kuanzia.

Kabla sijamaliza, simu ikalia. Alikuwa amenitumia picha. Ni ile rafu: Biblia, mafuta, na kikombe kimoja cha maua mekundu, mdomo chini. Pembeni yake paliachwa nafasi tupu, hakukuwekwa kitu. Chini ya picha aliandika: "Kilikuwa chako. Sasa kipo kimoja, usisumbuke tena."

Nilimpigia hakupokea. Nilimwandikia kila kitu, kibanda, mama Mkongo, vumbi la Kakuma, kalamu na wembe. Baada ya siku mbili alinijibu kwa ujumbe wa sauti kwamba amenisamehe na kwamba niache kusumbua watu kazini kwao. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Aliniuliza kama maji yanatoka. Niliosha kikombe cha buluu, nikakifudikiza rafuni, nikakipiga picha nikamtumia. Alijibu kwa kidole gumba.

Mkataba wake wa kwanza uliisha, akaja mwezi mmoja, akarudi kwa wa pili. Alipokuwa hapa hatukuongea habari za vikombe. Nilifungua begi lake mwenyewe, kwa kisingizio cha kumsaidia kutoa nguo, nikapekua hadi chini. Hakikuwemo hata kimoja.

Wivu haujanitoka, sitadanganya. Bado nikimwona yule mpishi nyuma yake roho inaniuma, nikiona bwawa lile limejaa naumia mara mbili. Lakini siku hizi mimi mwenyewe namwomba anitembeze, kila meli yao inapopata nafasi. Ananionyesha yote bila kinyongo. Nimeona wamebadilisha mazulia ya ukumbi, nimeona chumba cha theluji kikiwa kimezimwa na kimekauka, nimeona machweo kutoka kwenye vitanda vya wavu. Tunashuka pamoja kwa lifti ya kioo, kisha kwa ngazi za chuma, hadi kwenye ule ukumbi mwembamba wenye mabomba. Namsikia akitafuta ufunguo mfukoni. Nakaza macho, nashika simu kwa mikono miwili.

Hapo huigeuza simu nikamwona uso wake tu, na nyuma yake mlango uliofungwa.

"Humu ulishaona," huniambia, na kunitakia siku njema.