Niliweka Picha ya Mjane Mwingine, Damu Ikamwagika Mazishini

Admin, nifichie jina kabisa, maana hawa watu wanafuata ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mmoja. Mimi na mume wangu tuna duka la kudizaini na kuchapisha hapa Kakamega mjini, na kazi yetu kubwa ni vijitabu vya mazishi. Kwa sababu yangu mtu amekatwa vidole vitatu, mwingine yuko rumande, na anayejua ukweli ni mume wangu peke yake.

Programu tunayotumia haiweki picha ndani yake. Inakumbuka tu mahali picha ilipo kwenye kompyuta, na ukiihamisha inaanza kuitafuta. Mimi kila mteja nampa folda yake. Picha ya marehemu na ya watoto naziandika kwa majina yao, lakini ya mke huwa naiita "mjane", basi. Miaka yote sikuona ubaya, kumbe mashine yangu ilijaa wajane wa jina moja.

Mwezi uliopita alikuja mwanamume kutoka upande wa Mayoni, amefiwa na kaka yake, mkulima wa miwa. Nikamtengenezea kijitabu, nikamtumia kwa simu akikague. Akajibu, "Iko sawa kabisa mama, chapa." Siku hiyo hiyo mume wangu akahamishia kazi zetu zote kwenye diski mpya. Nilipofungua nichape, programu ikalalamika kwamba picha hazionekani. Nikaielekeza kwenye diski nzima ijitafutie. Ikachukua "mjane" wa kwanza iliyekutana naye, alama zote nyekundu za onyo zikaisha, nami kwa haraka ya kijinga nikachapa nakala mia tatu bila kupitia kurasa. Yule alikuwa mama wa Butere, tuliyemfanyia kazi mwaka jana.

Siku ya mazishi nilipeleka vijitabu mwenyewe. Mchungaji akasema tufungue ukurasa wa tatu, tumwone mjane na wanawe. Mjane alikuwa amekaa kando ya sanduku. Akauliza kwa sauti ndogo, "Huyu ni nani?"

Kaka yake mkubwa, aliyetoka Matete na ndugu zake, akaruka kutoka kwenye kiti. "Mmekuwa mkitafutanga njia ya kumtoa dada yetu hapa! Sasa mmemletea mwingine kwa karatasi?"

Shemeji mtu, yule aliyenipa kazi, akasimama. "Mimi huyo mama simjui! Naapa mbele ya ndugu yangu!"

Hakumaliza. Alipigwa ngumi ya mdomo, akatema jino kwenye nyasi. Viti vikaruka, vyuma vya hema vikang'olewa, kina mama wakakimbia na watoto. Kaka wa mjane akachukua panga pale walipokuwa wakikata nyama, akamwinulia kichwani. Shemeji akakinga kwa mkono. Niliona vidole vikianguka, jamani, niliviona kwa macho yangu. Vijana wa upande wa shemeji nao wakamgeukia mjane, wakamburuta kwa nywele, wakampiga mateke ya tumbo, kisha wakawasha nyumba yake moto. Marehemu alishushwa kaburini bila sala. Mimi nilikuwa nimesimama pale na boksi la vijitabu vilivyobaki, na sikufungua mdomo.

Nilipomweleza mume wangu akasema, "Ukisema, watatuchomea ndani ya hili duka. Futa kila kitu." Nilikataa kufuta. Akanizaba kofi, mara ya kwanza tangu anioe. Sijafuta mpaka leo, lakini pia sijasema, kwa hivyo sioni ushujaa wangu uko wapi.

Jumatatu mjane mwenyewe akaja dukani na mdogo wake. Uso wake bado umevimba, jicho moja halifunguki. Sasa analala kwa wazazi wake na watoto wanne. Akaniambia, "Mama, mimi sikulaumu wewe. Niambie tu ukweli. Hiyo picha nani alikuletea? Ni mulamwa wangu, huyu ndugu ya bwanangu?"

Mume wangu alikuwa nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake shingoni. Nikasema, "Ndiyo. Ni yeye alileta."

Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru, akalia. Mdogo wake hakulia. Alisema, "Tulijuanga. Ijumaa anatoka hospitali. Tutamalizana na yeye huko huko nyumbani."

Leo ni Jumatano. Najichukia mpaka chakula hakipiti. Nikisema ukweli, pande zote mbili zitanijia mimi, na ndoa yangu imekwisha. Nikinyamaza, mtu asiye na kosa atauawa, na neno la kumuua limetoka kinywani mwangu. Msiniambie niombe, nimeomba. Nishaurini nianze na nani: polisi, yule mjane, au yule mwanamume aliye kitandani, ambaye mpaka sasa anajiuliza amemkosea nani?