Ukoko wa Makaroni

Mhariri, asalamu alaikum. Jina langu nakuomba ulifiche, maana huku Likoni kila mtu ni shangazi wa mtu. Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, nina mume na sina mtoto. Mume wangu alikuwa dereva wa jeshi Mogadisho wakati wa vita. Nilimngoja nyumbani kwa mama yake, nikimwombea dua kila swala, na aliporudi mzima nililia kwa furaha hata majirani wakanicheka.

Hakukaa sana akaja na boksi la makaroni kutoka dukani. Akasema huko alikokuwa alizoea kuyala ya kuokwa, nimpikie. Mimi nijuazo ni tambi, na kwetu tambi ni tamu, basi nikayatia nazi, sukari na hiliki. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Sivyo, mke wangu. Yachemshe, uyamwage maji, uyapange na kima. Mwagia mayai na maziwa, kisha palia makaa, juu na chini."

Siku ya pili nikafanya hivyo. Nikafunika sufuria kwa sinia, juu yake nikatia makaa ya vifuu, nyumba nzima ikanukia samli. Mama mkwe, ambaye kusifu kwake ni kwa shida, aliongeza mara mbili.

Nilipoanza kutoa vyombo, mume wangu akanyoosha mkono. "Na ukoko mbona hukunipa? Ule wa pembeni ndio wangu."

Wallahi nikaviweka vyombo chini. Ukoko hapakuliwi mgeni, wala mpishi wa jeshi hamkwangulii dereva sufuria. Ukoko hukwanguliwa mtu wa ndani, aliyezoea kukaa jikoni na mpishi. Na mimi hajapata kuniomba, hata ule wa wali.

Nikamuuliza polepole, "Bwana, ni nani alokuwa akikukwangulia?"

Alimtazama mama yake kwanza. Kisha akasema, "Nilioa kule. Ana mtoto wangu wa kiume."

Mama mkwe hakushtuka. Kumbe alijua! "Mwanangu," akaniambia, "hakuzini, kaoa. Wataka kwenda kwa kadhi umwambie nini?"

Kweli, nimwambie nini? Nilikwenda kwa mamangu, naye akaniambia mvumilivu hula mbivu. Mbivu zenyewe ziko Mogadisho.

Sasa kila Ijumaa mama mkwe ataka makaroni. Mume wangu huja jikoni, hukaa karibu yangu, na akila huwa mpole, hunisimulia jinsi yule mtoto alivyoanza kutambaa. Asema akipata nauli atakwenda kumwona, "kidogo tu." Ijumaa moja nilikataa, nikapika wali wa nazi. Hakugomba. Alisukuma sahani, akaenda kuketi mlangoni hadi usiku. Ijumaa iliyofuata nikapika makaroni.

Nampenda, na hilo ndilo linaloniua. Nikiyapika namkumbusha mke mwenzangu, nisipoyapika anamkumbuka mwenyewe. Talaka sina sababu ya kuidai, na mtoto wa kumzuilia Mungu hajanipa. Enyi mlioolewa kabla yangu, msiniambie nisubiri, kusubiri nimekwisha kusubiri vita vizima. Niambieni jingine. Nifanye nini?